Wachezaji wa Paluku na Mume Wangu

Jumapili. Mvua haijakatika tangu misa, na mimi hata viatu sijavua.

Majina yote ninayoandika hapa nimeyabadilisha. Mtaniwia radhi.

Kaka yangu Paluku alivuka mpaka wa Bunagana akiwa mkimbizi, akakaa kambini Uganda, kisha akapelekwa Amerika. Wenzake wa kazini huko wana mchezo wao: kila mmoja anachagua wachezaji wa ule mpira wa Wamarekani, wenye umbo la yai, unaoshikwa kwa mikono. Mchezaji wako akifanya vizuri uwanjani, wewe unapata pointi. Paluku anaijua timu moja tu, ya mji anaoishi. Basi kila msimu ukikaribia anatutumia video, na mimi na mume wangu Muhindo tunapima: nani anakimbia, nani amezeeka, nani goti lake halijapona.

Muhindo aliupenda mchezo huo kuliko sisi. Tangu barabara zifungwe hana gari la kuendesha. Alikuwa akirudia kutazama mbio zile zile, anasema yule namba ishirini na mbili anaona upenyo kabla haujafunguka. Kwa muda huo vita ilitoka nyumbani mwetu.

Ijumaa tulikuwa tunarudi kutoka mtaa wa Himbi kwa miguu. Kwenye bariyeri iliyofunga barabara, askari wa hawa walioshika mji sasa aliomba telefone ya Muhindo, akafungua ujumbe wa sauti. Sauti ya Paluku ikasikika barabarani:

"Yule wa goti tumuache. Yule mukubwa wa kuzuia tumuweke mbele. Tufanye mbio, wengine wasimuchukue."

Askari akauliza hao ni watu gani. Muhindo akaeleza. Askari akasema mpira unachezwa kwa miguu, hata mtoto anajua.

Wakamchukua. Mimi wakaniambia niende nyumbani.

Jana nilikwenda kwenye ua wanakowaweka watu. Nikasubiri mpaka mkubwa wao akaniita ndani. Hakuwa mkali. Telefone yetu ilikuwa mezani kwake. Akataka nimweleze wachezaji, mmoja mmoja, aone kama mimi na mume wangu tunasema jambo moja.

Sijawahi kupima watu kwa uangalifu vile. Mrushaji: mkono wa nguvu, ila akibanwa anapaparika. Namba ishirini na mbili: kijana, miguu myepesi, huyo tumchukue wa kwanza. Yule mrefu wa kudaka: baridi ikizidi anaangusha mipira. Kila mchezaji niliyemtaja niliogopa Muhindo alimweleza vingine.

"Na huyu wa goti," akauliza, "juu ya nini munamuacha?"

"Hatatufaa kitu, shefu. Hawezi kukimbia."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema ananiamini, ni mchezo kweli. Nikamwomba basi nirudi na mume wangu.

"Mama, bwana yako ni dereva," akasema. "Macho yake ni mazuri, magoti ni mazima. Sisi pia tunachagua."

Hakutabasamu.

Nikaanza kumharibu Muhindo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema ana kifua, anakohoa usiku kucha. Nikasema mgongo wake mbovu, gari likimrusha kidogo tu anashindwa kusimama. Hakuna hata moja la kweli. Yule mkubwa akaniacha nimalize, kisha akaita mtu anitoe.

Leo, misa ilipokwisha, nilirudi na bugali na sombe ya majani ya muhogo. Chakula wakapokea, mimi wakanizuia getini. Nikamwona Muhindo kwa mbali, amekaa nyuma ya usukani wa lori, amevaa koti la kijeshi linalompwaya. Nina hakika aliniona. Akageuza uso.

Nimelia njia nzima. Sasa, nikiwa peke yangu hapa nyumbani, mtaa wa Mapendo, nafikiri hakutaka wajue kwamba wanaweza kumuumiza kupitia mimi.

Paluku ameniandikia: kesho wanachagua, anangoja neno la Muhindo. Sijajibu. Mtu anaandika nini hapo?

Sitaandika. Asubuhi nitampigia, aisikie habari hii kwa sauti yangu. Kisha nitarudi kusimama karibu na lile geti. Lori likitoka, hata asiponitazama, nataka ajue niko pale.