Shimo la Ndizi za Misa

Jumapili, 7 Julai 2024

Kokugonza hajala. Nimempakulia ndizi na maharage, akaitazama sahani, akaisukuma. "Bibi atanipakulia." Huyoo, akaenda zake. Ana miaka sita na tayari ananiogopa!

Sababu nimeijua. Jana mama mkwe, Ma Ephrasia, alimsimulia ile hadithi ya mama wa kambo. Baba anasafiri. Mama wa kambo anamfukia mtoto kibanjani, kwenye shamba la migomba, na juu yake unaota mgomba. Kila anayekuja kukata majani anasikia wimbo kutoka chini: usikate, hizo ni nywele zangu. Wasikilizaji wanaitikia: yuko wapi aliyekufukia? Mtoto anajibu: yuko jikoni, anapika.

Mwisho wanamfukia huyo mama wa kambo, mzima mzima.

Jamani! Na mimi nimekua na hiyo hiyo kule kwetu Muleba. Tulikuwa tunaitikia kwa makofi. Ikifika pa kumfukia, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Sikuwahi kuwaza kwamba yule mwanamke naye aliingia nyumba ya watu na sanduku lake, kama nilivyoingia mimi hapa Maruku mwezi wa pili.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwomba mama mkwe amsimulie nyingine. Ya sungura labda. Akacheka — hadithi tu hiyo, Edvina, au una lako jambo? Akacheka tena. Mimi sikucheka.

Nikaanza kuzipitia kichwani zile hadithi nilizokua nazo. Fisi anaoa binti wa watu na kumla. Kaka wanamtosa dada yao ziwani. Mke anamtwanga mtoto wa mke mwenzie kinuni. Yesu na Maria! Na hizo ndizo zilikuwa zinatulaza.

Privatus kapiga simu kutoka Bukoba mjini. Sikumwambia kitu. Ningesemaje — mume wangu, mama yako kasimulia hadithi?

Ijumaa, 12 Julai

Naandikia jikoni, hapa angalau hakuna mtu.

Wiki ijayo ni misa ya kumwombea marehemu mama yake Kokugonza. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, lazima iwepo, na ndizi zake lazima ziive shimoni kwanza. Kuchimba ni kazi ya wanaume, lakini Privatus hawezi kutoka kazini. Na mimi na kiherehere changu! Nikashika jembe. Nilitaka mama mkwe aone kwamba namheshimu marehemu.

Nikatandika majani makavu. Yanatakiwa yakanyagwe, na kwetu anayekanyaga ni mtoto, kwa wepesi wake. Nimekanyaga sana utotoni, raha tupu. Nikambeba Kokugonza nimshushe. Akapiga yowe! Akaning'ang'ania shingoni, akaning'ata bega. Nageuka — jirani yetu Kahangwa kasimama kwenye mibuni, panga mkononi. Anamtazama mtoto, analitazama shimo. Nikamsalimia. Akageuka na panga lake, akaenda zake.

Ndizi nimezipanga na kuzifukia peke yangu.

Jumamosi, 13 Julai, mchana

Kokugonza haonekani tangu asubuhi. Nimemwita mpaka sauti imekauka. Mama mkwe kaenda kwa Kahangwa. Mungu wangu, naogopa.

Jumamosi, jioni

Watu walijaa uani. Hakuna aliyeniuliza mtoto alikuwa anachezea wapi. Kahangwa alisema tu, tuanzie pale, wakaenda moja kwa moja shimoni. Nikapiga kelele — ni ndizi tu! Mama mkwe hakunitazama.

Kila jembe liliposhuka nilihisi linashuka kwangu. Na Mungu anisamehe, nami nilitega sikio. Mimi niliyefukia! Najua nilichoweka mle kwa mikono yangu, na bado nilisikiliza kama kuna sauti.

Ndizi. Zimekatwakatwa zote. Rubisi ya misa ndiyo basi tena. Hata pole hakuna aliyenipa.

Mara kelele: amepatikana! Alikuwa amejichimbia kwenye rundo la majani makavu nyuma ya choo, amelala, nywele zote udongo. Nikakimbia nimkumbatie. Mama mkwe akanizuia kwa mkono. "Kapike uji."

Basi napika. Wako sebuleni, dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Kahangwa anamwuliza kwa upole, nani alikuweka kwenye majani? Bibi yake anauliza. Kimya. Kokugonza, mwanangu, sema tu. Sema ulijificha. Sema ulikuwa unaniogopa, sitakasirika, sema!

Anaimba.

Ni ule wimbo. Kasauti kembamba — usikate, hizo ni nywele zangu. Ni mtoto, ana hofu, kashika anachokijua! Basi mtu acheke, amwambie anyamaze. Hakuna anayecheka. Mama mkwe anaitikia. Yuko wapi aliyekufukia? Wengine wanaungana naye, watu wazima na akili zao!

Nampigia Privatus, hapokei.

Sasa wamenyamaza wote. Wanamsubiri ajibu, na jibu la wimbo nalijua.

Nimeepua sufuria. Nimemwaga maji motoni, ili nisiwe napika.