Maji ya Saa Moja

Kaka yangu,

Mama hajambo, ila bado amekununia kwa kutokuja.

Umeandika kwamba jiji likikataza kumwagilia nyasi kipindi hiki cha ukame, hoteli itakuachisha kazi ya bustani. Nakuelewa. Lakini wodi yetu ya wazazi iko bomba moja na ninyi. Kila saa moja asubuhi ukifungua mipira yako, huku bomba linakohoa hewa tu. Jana nilizalisha kwa ndoo moja ya maji.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na dereva wetu anakukimbizia barua hii. Mkeo ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Nimempa kitanda cha dirishani. Ameniuliza mbona nyasi za hotelini zimestawi hivyo. Nimejifanya sijasikia.

Dada yako, mkunga