Bustani ya Mbele ya Nyumba

Geita, 3 Novemba 2024

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, bado natunza bustani ya hoteli.

Tangu mama atutoke nasikia unakula ugali kwa dagaa tu. Nimekuchorea bustani: njia mbili zinakutana katikati, kwenye pembe mchicha, nyanya, bamia na mgagani, pembezoni maua ya njano. Iliwe na itazamike. Simu yako ya tochi haipokei picha, ndiyo maana nimempa kondakta karatasi.

Mwanao,
Nelly

Didia, 24 Novemba 2024

Mwanangu, marahaba. Mgongo upo palepale. Nimelima kama ulivyochora. Maua hayaliwi, lakini nimepanda usije ukanisema. Nyanya zimekaa mstari kama pamba. Mkono uliozoea shamba la pamba umekataa kupinda mstari.

Baba yako

Didia, 19 Januari 2025

Nelly mwanangu, hujambo? Huku wazima, ila bustani yako imeniletea msiba.

Njia zako zimetoka msalaba, na maua yamechanua kuuzunguka. Mama Onesmo, jirani yetu mjane, alikuwa kwa mwanawe mjini, mtaa wa Kambarage, tangu kabla sijalima. Juzi karudi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafunga mbuzi, nikasikia kilio. Nikamkuta kapiga magoti kwenye mchicha, analia jina langu. Aliponiona na kamba mkononi akatimua mbio. Nikamfuata nimweleze, ndipo akazidisha.

Alipotulia nikampa chai. Nikamuuliza ningezikwaje bila jirani kuambiwa. Akasema, "Nilijua wamenificha kwa sababu ningelia kuwashinda ndugu."

Nikamchumia bamia.

Baba yako

Geita, 26 Januari 2025

Baba, shikamoo. Nimecheka mpaka meneja akaja kuuliza. Nisamehe kwa mchoro. Pinda njia moja, msalaba utapotea. Bamia alizipokea? Na siku hizi anapita mara ngapi?

Mwanao,
Nelly

Didia, 23 Februari 2025

Nelly mwanangu, marahaba. Alizipokea. Anapita kila jioni kumwagilia. Njia kaipinda yeye, akazing'oa nyanya zangu na kuzipanga upya. Nilinuna siku nzima, kisha tukala.

Nataka kumuoa, na Padre anasema ndoa ingoje Pasaka. Nimemwambia asitangaze lolote kabla wewe hujasema. Mama yako simsahau, na Mama Onesmo hajaniomba nimsahau. Ukikataa, nitabaki na bustani. Sema kweli.

Baba yako

Geita, 6 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Mgongo je?

Barua yako niliiweka chini ya godoro. Nilikasirika, niliona umeharakisha. Kisha jana nikampigia shangazi nikamuuliza unaendeleaje. Akasema umenenepa, na kwamba unasikika ukicheka mpaka barabarani. Sikumbuki lini nilikusikia ukicheka.

Padre atangaze. Nitafika mapema nipambe kanisa, kwa hiyo maua msiyaguse. Mwambie mama asipike siku hiyo, nitapika mimi, na anisamehe kuchelewa kujibu.

Mwanenu,
Nelly