Makopo Arobaini

Dada Charline,

Pokea salamu za mutu mwenye bahati kuliko wote wa mtaa wetu wa Ndosho. Niliposikia kiwanda cha Ulaya cha dawa ya kung'arisha magari kinahamia Asia, nilinunua makopo arobaini ya zamani kabla hayajaisha. Leo wenye jeep wa Himbi wanapanga foleni kwangu.

Mama ametoka kwangu, amehamia kwa dada yetu Henriette kule Katindo. Anasema anapenda kelele za wajukuu.

Umeniandikia kwamba shemeji Kambere anataka kuuza mabati ya nyumba yenu anunue dawa kama hii ya kujaza depo, ghala lake la kuuzia. Mwambie anunue kopo moja. Linatosha magari ishirini. Aijaribu kwanza ndani ya mlango, mahali patroni mwenye gari haangalii. Na amwage maji mengi kabla ya kupaka: vumbi likibaki linakwaruza rangi, liwe letu la volkeno ama lenu jekundu.

Munezero, dereva wa Himbi, aliona rafu yangu akacheka: "Papa Kakule, unakunywaka hii?"

"Cheka tu. Ile mupya ya Asia ni maji matupu."

Akapaka mlango mmoja wa jeep dawa mpya aliyokuja nayo, mwingine yangu. Tukaangalia wee, tofauti hatukuiona. Akaenda zake na kikopo chake kipya.

Dada, niliongopa. Foleni hakuna. Makopo thelathini na sita yamekauka kama jiwe, na niliyanunua kwa pesa ya mabati ya nyumba yangu. Shemeji asiuze.

Ndugu yako,
Kakule