Vioo vya Ngome ya Ntinda

Jumatatu, 4 Novemba
Zamu ya mchana, kama kawaida. Nimefagia kibanda cha walinzi, nimemwaga mkojo wa Rajabu, mwenzangu wa zamu ya usiku. Debe zima. Kosa si lake. Bosi humfungia humo kila usiku, kufuli kwa nje, asije akatoroka kwenda kuswali alfajiri. Kinyaa kitupu.

Bosi hakiiti kibanda. Anakiita ngome. Kuta za zege, mlango wa chuma, matundu membamba ya kutolea mtutu. Wageni wa Jumapili lazima waonyeshwe. Bunduki yenyewe moja, tunapokezana.

Jumatano, 6
Bosi ameziba matundu kwa vioo. Eti mvua inaharibu rangi. Nikamuuliza tutapigaje risasi.

"Mama Kenya, wewe iko na maneno mingi. Mwizi akiona hii ngome, anakimbia yeye mwenyewe."

Huniita hivyo tangu nitoke Kenya kuja kulinda hapa Ntinda. Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Namchukia. Ndani kunanuka soksi na mafuta ya bunduki, na hewa haina pa kupita.

Ijumaa, 8
Mvua kutwa. Rajabu amekuja zamu na homa. Ni Mnubi wa mji wa Bombo, babu yake alikuwa askari wa Mwingereza. Mjukuu analinda magari ya mtu. Amebeba sigiri ya makaa. Nikamwambia makaa yanaua kwenye chumba kisicho na hewa.

"Dada, baridi nayo inaua."

Nikamwendea bosi, afungue walau kioo kimoja. Yuko kwenye simu. Akanifukuza kwa mkono, kama nzi.

Jumamosi, 9
Nimefika, kufuli bado. Nimeita. Nikachungulia: Rajabu chini, matapishi kifuani. Nilivunja vioo vyote kwa jiwe huku nikipiga mayowe. Bosi akatoka na taulo kiunoni.

"Nani alivunja kioo yangu?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Ufunguo baadaye. Nilimpakata Rajabu kwenye boda hadi hospitali. Yu hai.

Jumanne, 12
Rajabu ameketi kitandani. Kikombe hakikai mkononi, kinatetemeka. Bosi amesema hataki mgonjwa getini kwake, asirudi. Nimetema mate kwenye maua yake.

Alhamisi, 14
Bosi amenunua mbwa. Atalala ngomeni.

Fundi amekuja asubuhi. Kufuli ameling'oa, na ukutani ametoboa dirisha pana, la wavu. Bosi alisimama hapo kumhimiza. Mbwa lazima apate hewa.

Nimefagia. Nimemtilia maji kwenye bakuli. Kisha nikaketi nje, mvua ikininyeshea.