Dagaa Kwenye Mashine Yangu

Jumatano

Mama mkwe ameanika dagaa kwenye mashine yangu.

Hii meza ya kuchonga mbao kwa kompyuta nimeisawazisha mpaka macho yanauma. Leo natoka Kirumba na mota mpya, nakuta dagaa wamejaa mpaka kwenye reli. Na mama mkwe hafokewi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Meza yako imenyooka, haina hata bonde."

Hakuna mwingine aliyewahi kuisifu. Nikajikuta nimesema asante.

Niliacha kutengeneza vitanda kwa ajili ya mashine hii, na bado haijachonga hata mwiko. Naogopa kwamba... basi.

Mke wangu anasema nisinune, maana leo mashine imechangia mboga kwa mara ya kwanza.