Zulia la Bi Zuhura

Malindi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba waraka huu ukukute mzima huko Lamu, na kile kikohozi kiwe kimekuacha. Sisi hatujambo. Wajukuu zako wanakuulizia kila siku.

Mama, usishtuke: kazi ya hoteli nimeiacha. Katika kusafisha vyumba vya watu, nilichokijua kuliko wenzangu wote ni mazulia. Nikasema, mbona nisiyaoshe kwa jina langu? Baba watoto alipiga hesabu siku mbili, kisha akasema, "Haya, jaribu."

Palikuwa na mtu akiuza mashine kuukuu. Alinisifia ile kubwa yenye brashi inayozunguka. Nikamwomba aiwashe. Ilisugua vizuri, lakini zulia lililowa chapachapa, na zulia likikaa na maji hunuka. Nikachukua ile ndogo, isiyopendeza, inayonyonya maji. Brashi nilinunua za mkono, laini.

Sabuni ndiyo iliyonitoa jasho. Dukani walinipa ya unga, kali, wakaapa haishindwi na doa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Bi Zuhura, mjane wa mtaa wa pili. Bintiye alikuwa anaolewa, naye alitaka zulia jekundu aliloletewa na marehemu mumewe kutoka Arabuni litandikwe siku ya harusi. Nilipopaka ile sabuni pembeni na kukandamiza kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka chekundu. Ningeweza kunyamaza, maana pembe ile hufunikwa na kiti. Nikamwonyesha.

"Umeniharibia?" akauliza.

"Pembeni tu, Bi Zuhura, upana wa kidole. Nisamehe. Sabuni hii haifai. Ukiniruhusu, nitaliosha kwa maji baridi na siki, kwa mkono. Ukikataa nitaondoka, na sitakulaumu."

Alikigeuza kile kitambaa mkononi. "Endelea. Lakini nitakaa hapa hapa nikuangalie."

Akakaa kweli, siku mbili. Nikafuta doa baada ya doa, nikinyonya maji kwa mashine, magoti yakiniwaka moto. Siku ya pili aliniletea mto wa kupigia magoti, akaanza kunisimulia habari za mumewe, mpaka tukacheka. Zulia lilipokauka, yalitokea maua ambayo bintiye hakujua kama yapo. Bi Zuhura alivua viatu, akatembea juu yake taratibu mpaka mwisho, akarudi.

Harusini, jirani aliuliza zulia jipya limetoka wapi. Bi Zuhura akanyoosha kidole mbele ya wanawake wote: "Si jipya. Fundi wangu yule pale." Nilijifanya napanga sahani, mama, ili wasinione nikilia.

Nisalimie dada yangu mkubwa, na mjomba aliyenifundisha kuandika, na shangazi wa nyumba ya nyuma. Nawe nikumbuke katika dua zako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanakombo, fundi wa mazulia